Vioo Saba Ukutani: Fundi Evalyne na Nyumba ya Mawe ya Kajiado

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Evalyne Mukonyo amepiga magoti mbele ya ukuta wa mawe, kilomita nne nje ya mji wa Kajiado. Mkononi ana kitambaa kilicholoweshwa maji na tochi ndogo. Anapangusa kipande cha kioo chenye urefu wa kidole, kilichobandikwa juu ya ufa, kisha anakimulika kutoka upande. Anatazama. Anaandika kwenye daftari. Anasogea hadi kioo kinachofuata.

Nyuma yake wamesimama watu wawili: Naisenya Katoo, mwenye umri wa miaka 77, ambaye nyumba ni yake, na mwanawe Austin, 44, mhudumu wa maabara katika zahanati moja mjini Kitengela.

Vioo ni saba. Vilibandikwa Septemba mwaka jana na vimekaa hapo misimu miwili ya mvua. Makubaliano yao yameandikwa kwenye karatasi moja. Vyote vikibaki vizima, nyumba itakarabatiwa. Kimoja kikivunjika, nyumba itabomolewa, na mahali pake mkandarasi atajenga ya ghorofa moja ambayo ramani yake imekwisha kuchorwa.

Leo ni siku ya kuvisoma.

Evalyne ana miaka 46, na 24 kati ya hiyo ameitumia katika ujenzi. Anaishi Kitengela, katika nyumba ya kupanga ya vyumba viwili. Baba yake, Mutunga, alitoka Makueni kuja kuvunja mawe katika machimbo ya Kitengela. Evalyne alipokuwa mtoto alimpelekea maji ya kunywa huko, na ndiko alikojifunza kutofautisha jiwe zima na jiwe lenye ufa wa ndani kwa kusikiliza nyundo.

Kazi anayoipenda ni kukarabati nyumba za zamani. Katika mji ambao kila mwezi una jengo jipya, kazi hiyo haina wateja wengi. Hulipwa shilingi 2,500 kwa siku, na siku za kungoja halipwi. Ili kujazia, huweka vigae katika majengo mapya ya ghorofa kando ya barabara ya Namanga.

Kungoja ndiko kunakowakimbiza wateja. Evalyne hazibi ufa kabla ya kuutazama kwa mvua na kwa kiangazi. Hubandika kioo chembamba juu yake, kikishika pande zote mbili, huandika tarehe kwa penseli, na kuondoka.

"Kioo haijui kuvutika," anasema. "Ukuta ikisonga kidogo tu, kama unene wa karatasi, kioo inakatika. Haiwezi kudanganya. Mtu ndio anaweza."

Sababu ya tahadhari hiyo ni udongo. Sehemu kubwa ya tambarare hii ina udongo mweusi unaonata. Mvua ikinyesha hufura. Jua likiwaka hunywea na kufunguka nyufa ambazo mtu mzima huweza kuingiza mkono hadi kiwiko. Nyumba iliyo juu yake hupanda na kushuka pamoja nao.

Fundi anayeziba ufa Februari, anaeleza, huziba ufa uliofunguka kabisa. Mei udongo unapofura, ukuta hutaka kurudi mahali pake na kukuta simiti imekaza katikati. Simiti hiyo inakuwa kabari.

Anajua hivyo kwa sababu alifanya hivyo.

Mwaka 2015, mzee mmoja wa Kitengela aitwaye Nzioka, mvunja mawe aliyestaafu, alimwita kuziba nyufa nne katika nyumba aliyoijenga kwa miaka kumi na mmoja, mawe machache kila mwisho wa mwezi. Evalyne alifika Februari. Aliziba nyufa zote kwa simiti nzito, akapaka rangi, akalipwa. Katikati ya Mei ukuta wa jikoni uliinama kwa nje kiasi cha upana wa kiganja, na Jumapili moja, familia ikiwa kanisani, ukaanguka pamoja na sehemu ya paa.

Hakuna aliyeumia. Nyumba haikuweza kurudishwa. Mzee Nzioka alihamia chumba cha kupanga na akafariki mwaka uliofuata.

"Hakunilaumu," anasema Evalyne. "Alikuja kuniona, akaniambia udongo ni mbaya. Mimi nilijua si udongo. Nilinyamaza, akaenda."

Jina la Nzioka limeandikwa katika ukurasa wa kwanza wa daftari lake. Tangu hapo amechukua nyumba 14 za zamani. Tatu alishauri zibomolewe. Kumi zinakaliwa. Ya kumi na nne ni hii.

Nyumba hii ilijengwa mwaka 1979 na mume wa Naisenya, marehemu Sironka Katoo, aliyefanya kazi katika kiwanda cha magadi huko Magadi. Aliishi katika nyumba za kiwanda, akaona jinsi zilivyojengwa kwa ajili ya joto, na aliporudi nyumbani akanakili alichokiona: kuta nene, baraza pana upande wa magharibi, na matundu 14 ya hewa chini ya paa. Mawe yalitoka Kitengela kwa lori.

Kwa Naisenya ilikuwa nyumba ya pili. Ya kwanza aliijenga mwenyewe alipoolewa, kama walivyofanya wanawake wote wa rika lake: fito, udongo na samadi. Kila mwaka mvua ndefu ilipokwisha, aliikandika upya. Alipohamia kwenye mawe hakuiacha desturi hiyo. Ufa wa kwanza ulipotokea, aliukandika kwa mikono, akitumia samadi, majivu na udongo, na akafanya hivyo kila Juni kwa zaidi ya miaka thelathini.

"Ile ya kwanza nilijenga, hii nilipewa," anasema. "Lakini nyumba ni ya mama. Ikipasuka, nani atapaka?"

Austin hakupenda kukandika huko. Mwaka 2019 alimleta fundi aliyepiga plasta ya simiti ukuta wote wa mbele. Fundi huyo alipotaka kwenda nyuma, Naisenya alikaa kwenye kiti mbele ya ukuta mpaka fundi akaondoka. Leo plasta ya mbele imebanduka kwa mabamba, na mawe chini yake yanamomonyoka kama biskuti, kwa kuwa unyevu ulioingia haukupata pa kutokea. Mawe ya nyuma, yaliyokandikwa, bado yana alama za tindo la mchongaji.

Lakini ukandikaji haukuzuia ufa wa kona ya kaskazini. Kufikia katikati ya mwaka jana, ufa huo ulikuwa umepanda kutoka msingini hadi kwenye kizingiti cha dirisha. Austin alitafuta mkandarasi, Githongo, ambaye alipiga hesabu ya shilingi milioni 6.8 kwa nyumba mpya. Austin alianza kutafuta mkopo.

"Mimi sina shida na nyumba ya baba," anasema. "Sikutaka mama alale kwa nyumba itamwangukia. Hiyo tu."

Naisenya hakubishana naye. Alimwomba jambo moja: kabla ya kubomoa, aletwe mtu wa kuitazama kwanza. Muumini mwenzake kanisani alimtaja Evalyne.

Evalyne alifika Agosti. Alisalimu kwa Kimaasai, "Takwenya, Yeyo," yaani hujambo mama, Naisenya akaitika "Iko," na kisha fundi akaomba kiti. Siku hiyo hakugusa chombo. Alikaa ndani tangu asubuhi hadi jioni akitazama mwanga unaingia wapi na saa ngapi, na mama huyo anakaa wapi anaposhona shanga. Aligundua kwamba anashonea nje, hata upepo ukiwa na vumbi, kwa sababu ndani kulikuwa giza.

Hivyo ndivyo anavyoanza kila nyumba. Swali la rangi au la makochi huja mwisho. Kwanza hutafuta kile ambacho nyumba ilikuwa nacho na kikafichwa.

Katika nyumba hii kilichofichwa kilikuwa hewa. Katika miaka ya tisini familia ilipigilia dari ya mbao laini sebuleni ili paonekane pa kisasa, na dari hiyo ilifunika matundu yote ya Sironka. Evalyne aliiondoa. Alibadilisha mabati mawili ya juu ya ukumbi kwa yale yanayopitisha mwanga. Mlango wa mbao ya mtarakwa uliokuwa umelazwa stoo kama meza ya kuwekea magunia, aliusugua, akautafutia bawaba, akaurudisha mahali pake. Kwenye sakafu ya jikoni iliyochimbika, alipanga vipande vya marumaru vilivyotupwa na wachonga mawe wa Kajiado.

Alitundika kipimajoto sebuleni kabla na baada. Saa nane mchana kilisoma nyuzi 33 dari ikiwapo. Wiki mbili baadaye, kwa jua lile lile, kilisoma 28. Naisenya sasa anashonea ndani, kwenye benchi fupi chini ya dirisha la mashariki.

Ila hakuna lolote kati ya hayo lililogusa ufa, na ufa ndio uliokuwa na kauli ya mwisho.

Siku ya tatu tangu afike, kabla ya kazi hizo zote, Evalyne alichukua wembe na kukata kipande kidogo cha mkandiko wa Naisenya, mraba wa ukubwa wa stempu, kutoka kwenye kila ufa. Alivipanga juani. Kwa kuwa mama huyo alikandika mara moja kwa mwaka, na kila mwaka majivu yalitofautiana rangi, kila kipande kilikuwa na mistari. Evalyne alihesabu kwa sindano.

Nyufa za zamani zilikuwa na safu thelathini na zaidi, nyembamba kama ganda la kitunguu. Hizo hazikuwa zimesogea kwa miaka mingi. Naisenya alizikandika kwa mazoea tu. Ufa wa kona ya kaskazini ulikuwa na safu kumi na moja, na zote nene.

Miaka kumi na mmoja. Evalyne aliwaita mama na mwana, akawauliza ni nini kilichofanyika hapo mwaka 2013 au 2014.

Austin ndiye aliyejibu. Mwaka 2013, baba yake akiwa amefariki mwaka mmoja nyuma, alimjengea mama yake bafu na choo ndani ya nyumba ili asitoke nje usiku. Ilikuwa zawadi yake ya kwanza kutoka kwa mshahara wake. Bafu lilikuwa kwenye kona ya kaskazini.

"Kwa hivyo ni mimi," alisema.

Evalyne alisema hajui bado. Alitaka kuona maji ya bafu yanakwenda wapi. Austin alisema alinunua bomba la mita kumi na mbili, litoe maji hadi kwenye nyasi za ndama. Walizunguka nyuma ya nyumba. Bomba lilitokeza ukutani na kuishia mita tatu mbele, kwenye shina la mlimau.

Naisenya aliketi kwenye ngazi ya baraza kabla ya kusema.

"Bomba yako ilikuwa refu, Austin. Mimi ndio nilimwambia yule wa maji aikate. Maji yote iende kwa nyasi, na ule mti wa baba yako unakufa?"

Mlimau huo Sironka aliuleta kama mche kutoka Loitokitok mwaka mmoja kabla ya kifo chake na kuupanda karibu na dirisha lake. Kajiado haimwagi maji ovyo. Kwa miaka kumi na mmoja kila ndoo ya kuogea ya mjane wake ilikwenda kwenye mti huo, na kwa miaka kumi na mmoja udongo wa kona moja ya nyumba ulibaki umefura huku kona nyingine tatu zikipanda na kushuka na majira.

Kipande cha bomba kilichokatwa, mita tisa, kilikuwa bado bomani. Kilikuwa upau wa juu wa zizi la mbuzi. Austin alikuwa amekiegemea mara nyingi.

Evalyne aliwaeleza pasipo kulainisha. Mti na kona haviwezi kunywa maji yale yale. Bomba lirudishwe urefu wake, nyumba ingojwe mvua mbili, na baada ya hapo vioo vitasema kama ukuta umetulia au la. Mti unaweza kuishi kwa mvua pekee, na unaweza kufa.

Naisenya aliuliza mvua mbili ni muda gani. Alipoambiwa ni miezi tisa, alisema katika muda huo ng'ombe hupata mimba na kuzaa, na hakuna anayemharakisha. Kisha akaenda mwenyewe kwenye zizi na kuanza kulifungua bomba.

Austin alikubali, kwa sharti la vioo. Kimoja kikivunjika, hatangoja tena. Evalyne alitia sahihi. Aliomba jambo moja zaidi, kwamba Juni hii Naisenya asikandike kona hiyo, ili ufa usomeke.

Githongo alipita mara mbili katika miezi hiyo kupima kiwanja. Mara ya pili alimkuta Evalyne akisafisha mtaro wa kupeleka maji ya paa kwenye tangi. "Mama Vioo," alimwambia, "ukimaliza kuombea hiyo ukuta, nipigie nilete tingatinga." Evalyne alimwambia namba yake anayo.

Vuli ilipita, vioo vyote vizima.

Aprili 19, baada ya siku sita za mvua, Evalyne alikuja peke yake kukagua. Kioo cha saba, cha chini kabisa kwenye kona ya kaskazini, kilikuwa kimekatika. Mstari ulikuwa mwembamba kiasi kwamba hakuuona mpaka alipomulika tochi.

Naisenya alikuwa amesimama karibu. Alitazama kioo, akamtazama fundi.

"Mama Phylis," alimwambia, akimwita kwa jina la bintiye, "hicho kioo ni shilingi ngapi? Badilisha. Austin atajua nini?"

Evalyne anasema alikuwa na vipande vingine mfukoni, na gundi kwenye begi. Anasema alivifikiria. Kisha aliandika kwa penseli chini ya kioo kilichokatika, "19/4," na pembeni yake, kwenye ufa huo huo, akabandika kingine kipya kwa tarehe hiyo hiyo.

"Nilimwambia, Yeyo, kuna mzee nilimnyamazia, akaenda akifikiri ni udongo. Siwezi kunyamazia wewe. Na siwezi kunyamazia huyu mtoto wako, kwa sababu ni wewe unalala hapa. Siku ya kusoma nitamwonyesha."



Asubuhi hii Evalyne anamaliza kioo cha sita, anapangusa cha saba, na anainuka taratibu, mkono mmoja ukutani. Anamkabidhi Austin tochi na daftari.

Anamwambia vioo sita ni vizima. Cha saba kilivunjika Aprili. Kilichobandikwa pembeni yake tarehe hiyo kimepita mvua yote ya mwishoni mwa Aprili na ya Mei, na hakina mstari. Yeye anaamini kona ilishuka mara moja udongo ulipokauka na kulowa upya baada ya bomba kuhamishwa, kisha ikakaa. Anaamini, anarudia, lakini msimu mmoja hautoshi kuapa.

Austin anainama na kumulika.

"Tulikubaliana kimoja tu."

"Tulikubaliana," anasema Evalyne.

"Mama alikuwa anajua?"

Naisenya ndiye anayejibu. "Nilimwambia abadilishe. Alikataa."

Austin anazima tochi. Anamuuliza fundi kama katika mfuko wake kuna kioo kingine. Anapewa. Anauliza jinsi ya kupaka gundi, anaambiwa, na anakibandika mwenyewe, pembeni ya vile viwili, kimeinama kidogo upande wa kushoto. Evalyne hakirekebishi. Anampa penseli. Austin anaandika tarehe ya leo, na chini yake neno moja: Desemba.

Kisha anatoka hadi langoni kumpigia Githongo, kumwambia angoje. Sauti haisikiki. Mazungumzo ni mafupi.

Hakuna aliyesema nyumba imepona. Evalyne mwenyewe anatahadharisha kwamba vuli ikiwa nzito, kona inaweza kusogea tena, na hilo likitokea atakuwa wa kwanza kushauri ibomolewe. Mlimau umepukutisha zaidi ya nusu ya majani yake tangu maji yahamishwe. Upande wa mashariki bado una matawi mawili mabichi, na kwenye moja kuna malimau matano.

Kama vioo vitashika, mpango wake ni huu. Januari ataibandua plasta ya simiti upande wa mbele, kipande kwa kipande, na kuacha mawe yakauke mwezi mzima. Ataziba nyufa kwa chokaa na mchanga, mchanganyiko laini unaokubali kusogea na ukuta. Gharama yote ameikadiria kuwa shilingi 940,000, na sehemu kubwa ni chokaa na kazi. Mwishowe angependa kuwafundisha mafundi wengine wa Kitengela kusoma nyufa kabla ya kuziziba. Amepata wawili waliokubali, na mmoja kati yao, anakiri, alikubali kwa kuwa mvua ilimkosesha kazi.

Kona ya kaskazini ameipangia iwe ya mwisho. Huko hataki kuziba yeye. Anamwambia Naisenya kwamba Januari, Mungu akipenda, atamletea mwiko mzuri wa kupakia chokaa, mwepesi, wa kumtosha mkono.

Naisenya anautazama ufa ambao mwaka huu, kwa mara ya kwanza tangu utokee, hajaukandika.

"Mwiko ni yako," anasema. "Mimi niko na mkono."